Kiti Chenye Nguo Saba

Katika sebule ya Mama Vitambaa hakuna kitu kilicho uchi. Televisheni ina kitambaa chake, redio iliyokufa zamani ina chake, jagi la maji lina kofia ya nyuzi yenye shanga pembeni, na rimoti imevalishwa mfuko wa plastiki, kisha ikalazwa juu ya kitambaa kama mgonjwa. Mgeni akikaa kwenye kochi huegemea maua mawili makubwa ya nyuzi nyeupe, na akiinuka moja humng'ang'ania mgongoni akatoka nalo mpaka barabarani. Majirani wameshazoea. Wakimwona mtu anapita na ua mgongoni wanajua ametoka wapi, wanamrudisha.

Vyote hivyo alivifuma kwa mkono wake, na wanga alitia mwenyewe. Miaka ishirini na sita alifanya kazi katika chumba cha dobi cha hospitali, kwenye meza ya pasi, akitia wanga aproni za wauguzi na kola za madaktari mpaka zikawa zinasimama bila mwenyewe kuwamo. Kuna daktari mmoja alilalamika kwamba koti lake linafika kazini kabla yake. Mama Vitambaa aliichukua kama sifa, na nadhani ilikuwa sifa kweli.

Lakini hayo yote yalikuwa mapambo tu. Mwenye sebule alikuwa kiti.

Kiti kilikuwa cha marehemu baba mkwe wake, naye alikirithi kwa babu yake, na ndicho kitu pekee cha kale ambacho ukoo ule uliwahi kuwa nacho. Mengine yote waliyauza, waliyagawana au waliyasahau kwa watu. Kwa haki kilikuwa cha binti mkubwa, dada wa mumewe, lakini dada huyo alikuwa mwalimu mkuu anayeishi katika nyumba ya shule, na nyumba ya shule haina siri wala kufuli. Basi kikaletwa kwa mdogo wake, kwa muda tu. Muda huo ulikuwa umefika miaka thelathini na moja.

Siku kilipoletwa, Mama Vitambaa alikuwa bibi harusi wa wiki mbili. Mama mkwe aliingia nacho mwenyewe, akakiweka kwenye kona inayotazamana na mlango, akatoa kitambaa mfukoni, akakifunika kutoka egemeo mpaka miguuni. Kisha akawageukia watu waliojaa sebuleni. "Huyu mke aliyetuletea kijana wetu hatumjui," alisema, huku mke mwenyewe yupo hapohapo ameshika sinia la vikombe. "Tutamjua kwa kiti. Kisikaliwe, kisifunuliwe, kisiguswe na maji." Na wifi yake, Mwalimu Mkuu, akatingisha kichwa polepole, kama anayeandika kitu kwenye daftari.

Tangu siku hiyo kila mkutano wa ukoo ulikiongezea kiti nguo. Shangazi mmoja alileta cha waridi, mwingine akaleta chenye pindo la tausi, wa tatu akaleta kikubwa kuliko vyote ili aonekane. Kuvua cha chini hakukuruhusiwa, kwani cha chini kilikuwa cha mama mkwe. Vikafika saba, kimoja juu ya kingine. Na kila mwaka, siku moja kabla ya mkutano, Mama Vitambaa aliandaa sufuria ya wanga mzito, akachukua brashi ya kupakia rangi, akavipaka vyote vikiwa humohumo mwilini mwa kiti, vikakauka vikang'aa. Wanga si maji, alijiambia. Hapo kila mmoja wetu ana hesabu zake.

Ukutani juu ya kiti aliitundika picha ya marehemu akiwa amekikalia. Bahati mbaya marehemu alikuwa mtu mpana na siku hiyo alivaa koti refu, kwa hiyo kwenye picha anaonekana kama mtu aliyekaa juu ya hewa. Hilo halikumzuia yeyote kukielezea kiti. Wa upande mmoja wa ukoo walisema mikono yake ina vichwa vya kondoo dume. Wa upande mwingine waliapa kwamba mikono ni laini, michongo iko kwenye egemeo, na ni nyota. Mume wa Mama Vitambaa, mpole wa watu, aliyekuwa na kumbukumbu ya kukikalia mara moja utotoni, alisema hakumbuki chochote ila kofi.

Hata hivyo kila asubuhi akitoka alisimama mbele ya kona ile akasema, "Mzee, natoka." Na jioni, "Mzee, nimerudi." Miaka thelathini na moja bila kukosa siku.

Mwalimu Mkuu naye hakukosa. Kila alipokuja alipitisha kidole juu ya egemeo, akakitazama kidole, akatoa alama. "Saba kwa kumi." Mwaka mwingine, "Sita na nusu, pindo limelegea." Hakuwahi kumwita Mama Vitambaa wifi, hata mara moja. Alimwita "mke wa mdogo wangu," na akiwa amechoka, "huyu." Mama Vitambaa alijifanya hamnazo, lakini lilimuuma, tena lilimuuma sawasawa. Alikuwa ameshazaa, amelea, amezika na wakwe zake bega kwa bega, na bado alikuwa kwenye majaribio.

Siku ya Jumatatu simu ikaita. Mwalimu Mkuu alikuwa amestaafu na nyumba yake mwenyewe imekwisha kujengwa. "Jumamosi nakuja kuchukua kiti," alisema. "Nataka kiwe kimepigwa vanishi, kwa chini, bila kufunuliwa. Na hapo ndipo tutajua kilitunzwaje."

"Kimetunzwa, wifi."

"Tutaona," akasema, akakata.

Mama Vitambaa alikaa na simu mkononi. Hakusikitika kwamba kiti kinaondoka, maana kona ile angeipatia kazi. Alichokitaka ni kimoja: kitoke kizima, mwanamke yule akitazame, akose la kusema. Miaka yote thelathini na moja ilikuwa inakwenda kupimwa siku moja. Kesho yake asubuhi akamwita seremala.

Seremala alikuwa mtu wa maneno machache mwenye penseli sikioni. Alipiga goti mbele ya kiti, akainua pindo la kitambaa cha chini kabisa kwa vidole viwili, na pindo likatoa mlio kama karatasi. Akaingiza mkono. Mkono ukaenda mpaka kwenye kiwiko. Akausukuma mpaka begani, shavu likalala kwenye waridi za shangazi.

"Mama," alisema kutoka pale alipo, "kiti kiko wapi?"

"Ndicho hicho umekikumbatia."

"Hiki ni kitambaa."

"Kiti kiko ndani ya kitambaa."

"Ndani ya kitambaa nipo mimi, mama. Hakuna mwingine."

Akautoa mkono. Kiganjani alikuwa na unga wa kahawia, laini, kama mlo wa mtu asiye na meno, na katikati yake kipande cha mbao chenye ukubwa wa kifungo. Akaonyesha sakafuni: ufa mwembamba, umepita kwenye kona, umeishia pale pale ulipokuwa mguu wa nyuma. "Mchwa," akasema. "Tena si wa juzi. Hawa wameondoka zamani, wameshakuwa na wajukuu mahali pengine." Kisha, kwa heshima kabisa, akakigonga kiti na kidole. Kikajibu kama boksi tupu. Kilikuwa kimesimama wima, egemeo limenyooka, mikono imekunjika pale inapotakiwa kukunjika, nguo saba zilizokauka kwa wanga wa miaka thelathini na moja, na ndani yake hamna hata kijiti.

 Mama Vitambaa alikaa sakafuni, yeye na seremala, kila mmoja upande wake, seremala ameegemea kochi.

"Naweza kukuchongea kingine," seremala akasema. "Nakipitisha kwa chini. Niambie tu kilikuwaje."

Hapo ndipo alipogundua kwamba hajui. Alikuwa amekitunza, amekifunika, amekilinda na watoto, paka na wageni wenye vikombe, na hakuwahi kukiona. Siku ile kilipoletwa alikuwa anatazama sinia. "Kilikuwa na vichwa vya kondoo," alianza, akasita. "Au nyota."

"Kondoo au nyota?"

Akafikiri sana, kisha akakataa. "Nikikuambia uchonge, nitakuwa nimemdanganya wifi yangu. Kiti kingine ni uongo. Hiki angalau kilikuwa." Seremala alimtazama, akakiona kichwa chake hakitoshi kwa mantiki hiyo, akarudisha penseli sikioni akaenda zake. Mlangoni mtoto wa jirani alimwita arudi: alikuwa ameondoka na ua mgongoni.

Mumewe aliporudi alisimama kwenye kona kama kawaida. "Mzee, nimerudi."

"Baba watoto," mkewe akamwambia, "hayupo." Akamweleza yote, bila kuficha, mpaka kwenye wajukuu wa mchwa.

Mume akavigusa vitambaa kwa kidole. "Kwa hiyo nimekuwa nikiaga vitambaa," alisema.

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Seremala anasema labda miaka kumi na tano."

Akaitazama picha ya baba yake aliyekaa juu ya hewa. "Vilikuwa vinasikiliza vizuri," akasema, kisha akaenda kunawa.

Mwana wa watu, Mama Vitambaa, hakulala usingizi wa maana siku zote zilizobaki. Mara apige simu aseme ukweli, mara akumbuke sauti ile ikisema "tutamjua kwa kiti," simu imdondoke. Ijumaa akakata shauri. Atakufa na tai shingoni. Aliandaa sufuria ya wanga mzito kuliko wote aliowahi kuandaa, wanga wa kola za wakuu wa hospitali, akakipaka kiti nje, na kwa mara ya kwanza akaingiza brashi akakipaka na ndani.

Jumamosi Mwalimu Mkuu akaja na pikapu ya kukodi na dereva mwenye kifua kama mlango. Alipitisha kidole juu ya egemeo, akakitazama. Akapitisha tena.

"Vanishi?"

"Seremala alikuja," akajibu Mama Vitambaa, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

"Kifunuliwe tukione," akasema dereva, ambaye hakuulizwa.

"Hakifunuliwi," wakasema wifi wawili kwa pamoja, na wote wawili wakashangaa kukubaliana.

Dereva akatema mate viganjani, akachuchumaa, akakaza mgongo kama anayeinua kabati la chuma, akainua. Kiti kikapaa. Kilimpita kidevu, kikagusa taa ya dari, na mume wa Mama Vitambaa akafumba macho. Dereva alibaki amekishika hewani kwa mikono miwili, uso umejaa maswali.

"Mti gani huu?"

 Mama Vitambaa alimtazama mumewe, aliyekuwa bado amefumba macho. Lakini Mwalimu Mkuu alikuwa amefundisha miaka thelathini na nane na hakuwahi kukubali kuwapo kwa swali asilolijua. "Mti wa zamani," akasema. "Mbao za zamani zikikauka huwa nyepesi. Siku hizi hampati mti kama huo, ndiyo maana hamjui." Dereva akasema ahaa. Mimi naamini kabisa kwamba elimu ya watu wazima ndiyo iliyomwokoa Mama Vitambaa siku ile.

Kilipowekwa kwenye pikapu, upepo kidogo tu ukakisogeza mpaka ukingoni. "Nitakishika," Mama Vitambaa alisema haraka, akapanda nyuma na mwavuli wake, akakikumbatia. Safari ilikuwa ya nusu saa. Dakika ya kumi mbinguni pakawa peusi, na turubai dereva alikuwa amelisahau nyumbani. Tone la kwanza lilimwangukia Mama Vitambaa puani. Yeye aliyejua kuliko mtu yeyote katika mji ule maji yanaufanya nini wanga, alijua kwamba ana sekunde chache kabla kiti cha ukoo hakijawa uji.

Akafungua mwavuli akakifunika kiti. Yeye mwenyewe akabaki nje. Mvua ikamshukia kichwani, shingoni, ikamwingia kwenye viatu. Upepo ulipogeuka aligeuka nao, akaweka mgongo wake pale ambapo mwavuli haukufika. Mwalimu Mkuu, mbele, alikuwa akitazama kwenye kioo cha pembeni. Aliona mwanamke wa makamo amepiga magoti kwenye pikapu, amelowa chapachapa, ameshikilia mwavuli juu ya kiti kwa mikono yote miwili.  Alimwambia tu dereva aongeze mwendo.

Kiti kilifika kikavu. Kikawekwa katikati ya sebule mpya, chini ya taa tatu, kamba nyekundu mbele yake. Mwalimu Mkuu akampa Mama Vitambaa taulo, akapitisha kidole kwa mara ya mwisho.

"Tisa," akasema. Kumi hakumpa mtu yeyote, hata nafsi yake.

Mama Vitambaa alirudi nyumbani akaugua mafua wiki nzima, na mafua yalikuwa ndiyo nafuu. Kilichomtesa ni ile tisa. Alikuwa ameitaka maisha yake yote ya ndoa, na sasa ilimkaa kooni, maana ilikuwa ya kitu ambacho hakipo. Mumewe naye alitangatanga. Asubuhi alisimama mbele ya kona tupu, akafungua mdomo, akaufunga, akatoka bila kumuaga mtu.

Wiki ya tatu simu ikaita. Ilikuwa mchana, Mama Vitambaa yuko jikoni. 

"Juzi nilikuwa peke yangu," Mwalimu Mkuu akasema. "Nikafunga mlango."

"Ndiyo."

"Nilipokuwa mdogo, mdogo wangu alikikalia mara moja. Mimi sijawahi. Baba alisema wasichana watakikalia wakikua. Nimekua."

Mama Vitambaa akashika ukingo wa meza. "Ukakaa?"

"Nilikaa. Nikafika chini."

 Mama Vitambaa alisubiri yale aliyoyasubiri tangu siku ya sinia: huyu, mke wa mdogo wangu, tulijua tu. 

"Siku ile ya mvua," ile sauti ikaendelea, na haikuwa ya shuleni tena, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

 Kisha: "Jumapili ukoo mzima unakuja kukitazama. Wifi, wanga unatia vijiko vingapi kwa lita?"

Neno lile lilimpita kwanza, kama mtu anayeitwa kwa jina la mwingine. Lilipomrudia alilazimika kukaa kwenye gunia la mkaa.

"Usiguse kitu," akasema. "Nakuja mwenyewe, wifi."

Alikwenda na sufuria, brashi na aproni yake ya zamani. Nguo saba zilikuwa zimelala sakafuni, zimevunjikavunjika, hazina mbele wala nyuma. Walizilowesha, wakazinyoosha, na hapo tatizo likajitokeza: zilihitaji umbo la kukaukia. Stuli ilikuwa fupi. Ngazi ilikuwa nyembamba. Wakatazamana. Mwalimu Mkuu akavua miwani, akavua viatu, akavipanga pembeni, akapiga magoti chini ya taa tatu na kunyoosha mikono mbele, usawa, kama mtu anayepokea zawadi kubwa.

"Egemeo linyooke zaidi," akasema Mama Vitambaa. Likanyooka. Akamfunika na kitambaa cha mama mkwe kwanza, kisha cha waridi, kisha vyote kwa mpangilio wao, mpaka mwanamke akapotea na kiti kikaonekana. Akaanza kupaka, taratibu, kutoka juu kwenda chini, jinsi alivyofundishwa kwenye meza ya pasi. Feni ilikuwa imewashwa ili vikauke upesi. Kwa nje kilikuwa kiti kizuri sana, pengine kizuri kuliko kile ambacho hakuna aliyekikumbuka.

"Wifi," sauti ikatoka ndani, imefifia.

"Naam."

"Humu ndani kuna harufu ya nyumbani. Ya mama. Na sabuni yako."

Mama Vitambaa akasimamisha brashi. Machozi yalikuwa yanamshuka, akayafuta kwa kiwiko yasije yakadondokea kazi.

"Usiongee, wifi," akasema. "Mkono wa kulia bado mbichi."